Kipimo cha Bomba la Ndani ya Dohani

Katika nyumba kuukuu za matofali za kaskazini-mashariki ya Marekani, aghalabu huwamo meko ya ukutani yenye kinywa kipana na dohani kubwa iliyojengwa kwa ajili ya moto wa wazi. Na mwenye nyumba atakapo kupachika humo jiko la chuma lenye mlango, ambalo hula kuni chache na kutoa joto jingi, hudhani kwamba dohani hiyo, maadam iliustahimili moto mkubwa, haitashindwa na mdogo. Dhana hii ni ya hatari.

Moshi hupanda kwa nguvu ya joto lake. Moto wa wazi huvuta hewa tele ya chumbani, kwa hiyo huhitaji njia pana, ilhali jiko lililofungwa hutoa moshi kidogo, nao ukiingia katika tundu pana hutambaa polepole, hupoa, na joto lake lishukapo chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke uliomo huganda ukutani ukawa kreosoti, utando mweusi kama lami, ambao siku ukishika moto huwaka kwa ukali wa kuvipasua vigae vya dohani.

Basi kipimo hakitwaliwi kwenye dohani, bali kwenye shingo ya jiko, pale moshi unapotokea. Majiko mengi ya namna hii yana shingo ya kipenyo cha inchi 6, ambayo eneo lake ni inchi za mraba 28 hivi. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 211 hairuhusu njia ya moshi iwe ndogo kuliko shingo, wala izidi mara tatu ya eneo lake, au mara mbili ikiwa ukuta wa dohani umeelekea baridi ya nje. Tundu la inchi 10 kwa 10 lina eneo la 100, yaani zaidi ya mara tatu na nusu: hesabu yenyewe imekwisha kulikataa, ndipo hupitishwa bomba ndani yake. Hata bomba la inchi 8, lenye eneo la 50, huupunguza mwendo wa moshi ukakaribia nusu, nami sioni sababu ya kulichagua. Shingo ikiwa ya 6, bomba nalo liwe la 6, tangu jikoni hadi kileleni.

Taabu huja pale tundu linapokuwa jembamba. Bomba la inchi 6 likivikwa blanketi la nusu inchi la kuhifadhi joto hufika 7, na vigae vingi vya zamani vina upana wa ndani wa inchi 6 na nusu tu. Fundi mwenye haraka hulivua blanketi, au hulibana bomba liwe duaradufu, akasahau kwamba duara ibanwapo mzingo husalia uleule na eneo hupungua. Lililo sahihi ni kuvivunja vigae kutoka juu, ama kununua bomba la duaradufu ambalo kiwanda kimethibitisha eneo lake. Bomba la inchi 5 na nusu hufaa pale tu mtengenezaji wa jiko alipoliidhinisha kwa maandishi, na dohani iwe ndefu. Kwa dohani isiyofika futi 15, hilo si la kuthubutu.