Mavyaa Aliyaita Maji

"HAYA ni maji, mwanangu. Mtoto atanenepa kwa maji?"

Ndivyo mavyaa mmoja wa Kamukuywa, katika kaunti ya Bungoma, alivyomwambia mke wa mwanawe alipotazama maziwa aliyokamua kikombeni, mepesi, yenye rangi ya samawati kwa mbali. Juma lililofuata mama huyo kijana akapanda matatu hadi Kitale kununua maziwa ya kopo. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kuyatangaza maziwa hayo hapa Kenya, lakini ni nani awezaye kukataza ushauri wa nyumbani?

Je, mavyaa alikosea? Alichoona ni kweli, ila aliona mwanzo tu. Mtoto anapoanza kunyonya, maziwa huwa mepesi. Kadiri titi linavyokwisha, ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Kwa wastani mililita 100 huwa na gramu 4 hivi za mafuta, nayo humpa mtoto karibu nusu ya nguvu zake. Mtoto anayehamishwa upesi titi la pili hukosa sehemu ya utamu huo.

Kwa kiasi, kopo halipishani sana na mama. Tofauti iko kwenye aina. Watengenezaji wengi huondoa mafuta ya ng'ombe na kutia ya mimea, kama vile mawese, soya, nazi na alizeti. Sasa, kila chembe ya mafuta ni kama kijiti chenye matunda matatu. Katika maziwa ya mama, tunda liitwalo asidi ya palmitiki hukaa katikati mara nyingi. Katika mawese hukaa pembeni. Tumbo hukata ya pembeni kwanza. Asidi hiyo ikiachwa huru hushikana na kalsiamu ikawa namna ya sabuni, na choo cha mtoto kikawa kigumu. Baadhi ya kampuni sasa huyapanga upya mafuta yao. Wengine huongeza DHA, mafuta yanayohitajiwa na ubongo na macho, ambayo Umoja wa Ulaya uliyafanya ya lazima mwaka 2020. Mama naye huyapata kwa samaki, na omena hawakosi sokoni Bungoma. Isitoshe, maziwa yake huja na kimeng'enya cha kuyasaga mafuta hayo. Kopo halina.

Kwa mtoto aliyefiwa na mama, kopo huokoa maisha, mradi vipimo vifuatwe. Lakini kopo ni ghali. Nyumbani Kamukuywa, vijiko vilianza kupungua huku maji yakibaki yale yale. Wengine pale Kitale, penye ng'ombe tele, huongeza maji nusu kwa nusu katika maziwa ya ng'ombe, na mafuta nayo hubaki nusu. Hapo ndipo mtoto hupewa maji kweli.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemrudisha mama yule kwenye titi: mtoto amalize moja kwanza, ndipo apewe la pili. Alipokamua tena, baada ya mtoto kushiba, maziwa yalikuwa mazito, ya rangi ya malai. Mavyaa alikichukua kikombe, akakiinamisha polepole, akatazama yakishikamana ukingoni.

"Haya yalikuwa wapi?" akauliza.