Chai Iliyochoka Haitibiwi kwa Jivu

"Afisa, chai yangu imechoka. Nimwage jivu kiasi gani?" Nimeulizwa swali hili Litein na Mogogosiek, nikaulizwa tena juzi kwenye kituo cha kuuzia majani. Jibu langu halibadiliki: usimwage hata konzi moja.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno "kuchoka". Udongo huchoka kwa kuchumwa nitrojeni yake bila kurudishiwa. Mchai huchoka kwa kutopogolewa. Mizizi huchoka kwa kuliwa na kuvu. Na pengine aliyechoka ni mchumaji: zamu zinachelewa, majani yanakomaa, karani anayakataa, lawama inaangukia shamba. Haya ni maradhi manne, na hakuna hata moja linaloponywa na jivu.

Najua imani hii ilikoanzia. Jivu lina potasiamu, na kabeji zikiwekewa hunawiri. Lakini chai si kabeji. Chai hutaka udongo wenye asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.6, ilhali jivu, sawa na chokaa, huimaliza asidi hiyo. Pindi inapopungua, madini ya chuma na manganizi hujifunga udongoni, mizizi isiweze kuyanyonya. Majani yanageuka manjano. Mkulima akiyaona, anasema uchovu umezidi, anaongeza debe la pili!

Ushahidi mnao wenyewe. Nenda pale palipokuwa na jiko la nyanya yako au zizi la ng'ombe kabla ya chai kupandwa. Michai ya hapo imedumaa, ina manjano, mingine imekufa, huku ya pembeni ikisitawi. Ni jivu na samadi za miaka mingi. Wapo waliohangaika kuparudisha mahali kama hapo kwa salfa. Kwa nini ulitengeneze shamba zima liwe hivyo kwa mikono yako?

La kufanya ni hili. Pima udongo katika Taasisi ya Utafiti wa Chai ya KALRO, Kericho. Weka NPK 26:5:5 kwa kipimo utakachopewa, mvua ikiwepo. Pogoa kila miaka mitatu au minne, si kiangazi, na matawi uyaache shambani. Ukiyafanya kuni, umechoma mbolea. Mchai ulioozeshwa mizizi na kuvu ung'oe wote, usibakize hata mzizi. Chuma majani mawili na chipukizi, zamu zisichelewe.

Ukija kwangu tena, nitakuuliza mwaka uliopogoa. Uje ukiukumbuka.