Mkesha Mmoja Hautoshi Kuvunja Laana ya Ukoo

Ziwa Chala halina mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Maji yake hupita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, yakatuama katika kreta iliyokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania, kisha yakaendelea na safari ardhini. Mambo ya ukoo nayo hupita hivyo. Mwana humpiga mkewe kama baba alivyompiga mama. Mwingine hunywa pombe hadi shamba linauzwa, kama lilivyouzwa la babu, na hakuna aliyemketisha chini kumfundisha.

Katika makanisa mengi ya Taveta na Voi, jawabu siku hizi ni mkesha wa kuvunja laana za ukoo. Mhubiri hufungua Kutoka sura ya 20, penye onyo la uovu wa baba kuwafuata watoto hadi kizazi cha nne. Ni wachache wanaosogea mstari mmoja mbele hadi kwenye rehema zilizoahidiwa maelfu, na wachache zaidi wanaofika Ezekieli 18. Humo nabii anawapinga wahamishwa wa Babeli waliodai kwamba wanalipia makosa ya baba zao. Anawapa mfano wa mwana wa baba mwovu: kijana huyo anayatazama matendo ya baba yake, anayatambua kuwa maovu, anakataa kuyafuata, naye anaishi. Kukataa kwake kunaanza na kutazama, na hapo ndipo sisi tunapokwepa.

Kabla J. A. Wray wa shirika la kimisionari la CMS hajafungua misheni Sagalla mwaka 1883, Wataita walikuwa wameyatafakari sana mambo haya ya ukoo. Waliamini kinyongo cha mzazi, hata akikificha, chaweza kumletea mtoto maradhi. Tiba ilikuwa kutasa: mwenye kinyongo alitia kinywani funda la pombe au maji, akalitema huku akitamka kwamba ameachilia, akiomba heri. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliliandikia jambo hilo kitabu kizima. Siwaiti Wakristo warudi kwenye ibada ile; msamaha wetu una chemchemi nyingine, msalaba. Lakini wazee wale walimtaka aliye hai aseme lake. Mikesha yetu humshtaki babu aliyekufa zamani, naye hawezi kujibu, huku aliye hai akirudi nyumbani bila kuulizwa neno.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, walilijua hili. Kwao kuokoka kulikuwa kutembea nuruni: mume alitubu mbele ya mkewe, aliyeiba alirudisha mali. Ilikuwa aibu kubwa, na ndiyo maana ilibadilisha nyumba.

Uko urithi mmoja wa Taita unaodai nuru hiyo kuliko wote, nao ni ukeketaji. Sheria ya kuupiga marufuku ilipitishwa mwaka 2011, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kutoka asilimia 21 mwaka 2014. Lakini katika baadhi ya familia za Kitaita hukatwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, pasipo sherehe. Msichana hukua bila kumbukumbu ya kisu. Hana la kusimulia wala hajui wa kumshtaki, na mara nyingi aliyeruhusu ni nyanya anayempenda kwa dhati, ambaye naye alifanyiwa vivyo hivyo akiwa kwenye kanga. Pengine Jumapili yumo kanisani, safu ya mbele.

Hakuna pepo wa kukemewa usiku kucha hapo. Kuna bibi mmoja, mkaza mwana wake na mtoto wa siku chache.

Kanisa lina mlango wa kuingilia nyumba hiyo. Wazazi huja kwa mchungaji kuomba mtoto abatizwe au awekwe wakfu. Wakati huo awaite na nyanya wote wawili, awaketishe pamoja, awaulize waziwazi kama mtoto huyu ni mzima na kama watamlinda abaki hivyo. Awaulize akina baba pia, maana wengi wao husingizia kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Na nyanya akianza kulia na kusema aliyoyatenda kwa mabinti zake, asikatizwe kwa wimbo.