Si Kila Badiliko la Mzee ni Uzee

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika umri huo misuli hupungua, mifupa huvunjika kwa urahisi, macho na masikio hupoteza wepesi, na kiu haisikiki kama zamani. Mzee akilisahau jina la mjukuu kisha likamjia baadaye, hilo ni la kawaida.

Tatizo ni kwamba familia nyingi huhesabu kila jambo kuwa ni uzee, na mgonjwa hukosa tiba ambayo ingemwinua.

Linalopuuzwa zaidi ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyezungumza vizuri juzi, leo hawatambui watoto wake, maneno yake hayashikani, anasinzia mchana kutwa na kukesha usiku. Badiliko la saa au siku chache namna hiyo ni ugonjwa. Mara nyingi chanzo ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au kushuka kwa sukari kwa anayetumia dawa za kisukari. Mwili usipokuwa na joto, familia isijipe matumaini, kwani mzee anaweza kuwa na maambukizi makali pasipo homa. Apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, pamoja na dawa zake zote, zikiwamo za dukani na za mitishamba, maana dawa nazo huweza kuwa chanzo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, hizo ni dalili za kiharusi na hakuna kusubiri kupambazuke.

Usahaulifu unaoingia polepole, kwa miezi na miaka, ni jambo jingine. Mzee hupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, huwatuhumu watu kumwibia, au hutoka nje usiku wa manane. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Hauponi, lakini daktari huweza kutibu yanayouzidisha, kama shinikizo la damu, na kuielekeza familia namna ya kumtunza.

Ipo pia sonona, hasa baada ya kufiwa na mwenzi. Mzee hukataa chakula, hujitenga, na husema yeye ni mzigo. Kauli hiyo isichukuliwe kama mzaha. Sonona hutibika.

Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni kwa miaka 50 husababishwa na moshi. Anayeongea peke yake au kutembea usiku anahitaji matibabu. Katika Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizojengwa juu ya dalili kama hizi. Mwenye kusikia vitisho vya aina hiyo atoe taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au Polisi. Ushauri wa matunzo hutolewa na Afisa Ustawi wa Jamii.

Anayemsindikiza mzee kituoni awe yule anayeishi naye. Mganga atauliza badiliko lilianza lini, na mtoto aliyewasili jana kutoka mjini hawezi kulijibu swali hilo.