Matumizi ya Neno "Shoti" katika Hitilafu za Milango ya Gari

Gari lifunguliwalo kwa rimoti likigoma mbele ya mwenyewe, iwe ni Magomeni ya Kilosa au ile ya Dar es Salaam, neno la kwanza kusikika ni "shoti". Neno hili limekwisha kuwa la Kiswahili, nasi hatuna nia ya kuliondoa. Tunachokipinga ni kulitwisha kila hitilafu ya umeme, hasa katika vitabu vya maelekezo vinavyofasiriwa kwa ajili ya mafundi na wanafunzi wao.

Shoti ni hali ya mkondo kupata njia ya mkato: waya wenye umeme hugusa bodi ya gari, mkondo huzidi kiasi, na fyuzi huungua. Waya ukikatika, mambo huwa kinyume: mkondo haupiti kabisa na fyuzi hubaki nzima. Kuchanganya hali hizi mbili kuna hatari. Fundi anayedhani kwamba fyuzi ndiyo yenye kosa huweka iliyo kubwa zaidi, na penye shoti ya kweli nyaya ndizo zitakazoungua.

Wako wafasiri waandikao "saketi wazi" kwa hali ya waya kukatika. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno humpotosha msomaji, kwani mlango ukiwa wazi watu hupita, lakini saketi ikiwa "wazi" umeme haupiti. Katika maelezo ya kifaa ambacho kazi yake ni kufungua milango, utata huwa maradufu. Twapendelea "saketi iliyokatika". Neno "mkondo" halina taabu hiyo. Aishiye kando ya mto Mkondoa hahitaji kufafanuliwa.

Tofauti hizi ndizo zimwongozazo fundi. Mlango mmoja ukikataa na mingine ikitii, rimoti haina kosa. Yafaa zichunguzwe nyaya zilizomo katika mpira ulio kati ya mlango na bodi, maana hukunjwa kila mlango ufunguliwapo, na hatimaye hukatika. Milango yote ikikataa, huanzwa na betri ndogo ya rimoti, ambayo kwa kawaida ni ya volti 3, kisha betri ya gari ya volti 12, kisha fyuzi.

Maji nayo yana hitilafu yake. Gari lililoingiwa na maji, kwa mfano katika mafuriko kama yale yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, huota kutu kwenye viungio vya nyaya, na milango hutii asubuhi ikakataa jioni. Hiyo si shoti wala si kukatika. Tunapendekeza "mguso hafifu". Na betri ikiishiwa nguvu gari likiwa limeegeshwa tu, aghalabu ni "uvujaji wa umeme". Kipokezi cha mawimbi hakilali. Hutumia umeme kidogo usiku kucha, na kikiharibika hunyonya mwingi.

Limebaki jina la mfumo wenyewe. "Kufungua bila ufunguo" si jina sahihi: ufunguo umo mfukoni, na gari huutambua kwa mawimbi ya redio. Twaona "ufunguo wa mawimbi" lafaa zaidi. Tena, rimoti nyingi za aina hii zimefichwa ndani yake ufunguo mdogo wa chuma. Dereva aliyekwama Mikumi, ambaye kitabu chake chasema gari halina ufunguo, hatajua kuutafuta.