Upepo Hautozi Nauli Mbili

Msomaji wa Tanga anauliza: kwenye Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya kilomita 1,200 inayofanyika Ufaransa kila baada ya miaka minne, kwa nini wapo wanaokwenda na tandemu, baiskeli moja yenye viti viwili na pedali jozi mbili? Haiwi mzigo?

Historia ya safari hiyo, iliyoanza 1891, naiacha. Utamu wenyewe uko hewani.

Ukifika kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya jasho lako huishia katika kupasua hewa. Na upepo hutoza kama kondakta wa daladala: haulizi uzito wako, anaangalia kiti. Mtoto aliyepakatwa halipiwi. Kwenye tandemu, nahodha wa mbele ndiye aliyekalia kiti. Mwenzake, aliyejibanza nyuma ya mgongo wake, amepakatwa. Ila mtoto huyu ana pesa zake mfukoni, na zote zinaingia kwenye mnyororo. Nauli ya mmoja, wachangiaji wawili!

Mwendo hauwi maradufu, lakini. Kondakta huyu ni mkali: ukitaka kasi mara mbili, anadai nguvu mara nane. Piga hesabu kinyumenyume: nguvu mara mbili huongeza kasi kwa robo tu, yaani 30 inakuwa kama 37. Punguza kidogo, maana wa nyuma hajifichi mzima. Hata hivyo, katika safari ambayo wengi hupewa saa 90, nyongeza hiyo ni saa za kulala.

Mlimani kondakta anatoa mizani, anatoza kwa kilo. Miili miwili, nauli mbili, faida hakuna. Na njia ya Brest hupanda jumla ya mita zaidi ya 11,000.

Halafu unakuja mteremko. Uzito maradufu unavuta, hewa inazuia karibu kama ya mtu mmoja, na tandemu inawapita wote. Hapo breki ndiyo yenye kazi: mwendo wote huo lazima ugeuke joto, na breki ikibana rimu kwa muda mrefu, rimu hupata moto mpaka tyubu inaweza kupasuka. Ndiyo maana baadhi ya wenye tandemu hufunga breki ya tatu, ya ngoma, kwenye gurudumu la nyuma.

Basi, ndugu yangu wa Tanga, ukipata tandemu, kagua breki kwanza; gia baadaye.