Bei ya Nyumba Inaposhuka

Wasikilizaji wetu, kila mkulima ajua jinsi bei ya mahindi ishukavyo. Mavuno yakiwa mengi, magunia hujaa sokoni, na mwenye mahindi hupunguza bei upesi kwa kuwaogopa fukusi. Nyumba haina mambo hayo. Haioz­i kwa juma moja, wala haichukuliwi begani kupelekwa soko la pili. Kwa hiyo soko la nyumba lina desturi zake, na katika maongezi haya twataka kuzieleza kwa mfano wa mambo yaliyotokea Marekani tangu mwaka wa 2006 hata mwaka wa 2012.

Kwanza na tujue nyumba hununuliwaje huko. Kwetu watu wengi hujenga kidogo kidogo: mwaka huu matofali, mwaka ujao bati. Marekani walio wengi hununua nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa fedha ya kukopa, na nyumba yenyewe huwekwa rehani. Deni hulipwa kila mwezi, mara nyingi kwa muda wa miaka 30. Asiyelipa hunyang'anywa nyumba, ikauzwa.

Katika miaka iliyotangulia 2006 bei zilikuwa zikipanda mfululizo, hata watu wakaamini kwamba hazitashuka kamwe. Wakopeshaji wakalegeza masharti, wakawapa fedha hata watu ambao mshahara wao haukutosha kulipa. Mikopo mingi ya namna hiyo ilikuwa na riba ndogo katika miaka miwili ya kwanza, kisha riba ikapanda. Mkopaji alitumaini kwamba kabla ya siku hiyo ataiuza nyumba kwa faida, au atakopa upya. Wahenga walikwisha kutuonya: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mambo yalipogeuka, bei haikuanguka mara moja. Dalili ya kwanza ilikuwa siku. Nyumba ambazo zamani zilipata mnunuzi upesi, sasa zilikaa miezi mingi na kibao cha kuuzwa kimesimama uani. Muuzaji aliikumbuka bei aliyopata jirani yake mwaka uliopita, akakataa kupunguza. Mnunuzi naye akangoja, akidhani kwamba kesho itakuwa rahisi zaidi. Ndipo alipotokea mwenye kulazimika: aliyepoteza kazi, au benki iliyokwisha kunyang'anya nyumba. Huyo aliuza kwa bei aliyoipata, na bei yake ikawa kipimo cha mtaa mzima.

Sasa tufanye hesabu. Mtu amenunua nyumba kwa dola 300,000, na katika hizo dola 285,000 ni za kukopa. Bei ikishuka kwa theluthi moja, nyumba yake ina thamani ya dola 200,000 tu, lakini deni halikushuka pamoja na bei. Akiuza, bado atadaiwa dola 85,000. Jirani yake asiye na deni amepungukiwa vile vile katika hesabu, lakini alala usingizi, kwa kuwa hapana wa kumtoa. Basi bei ikishuka, aumiaye kwanza ni mwenye deni, hasa mwenye deni aliyekosa kazi. Nao walikuwa wengi: benki kubwa ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008, na mwezi wa Oktoba 2009 watu 10 katika kila 100 wenye kutafuta riziki Marekani walikuwa hawana kazi.

Tena msidhani kwamba nchi nzima ina soko moja. Kwa hesabu ya nchi yote bei zilishuka zaidi ya robo. Lakini katika mji wa Las Vegas, uliojengwa kwa haraka jangwani na kununuliwa sana na watu wenye kutaka faida, zilishuka yapata sehemu sita katika kumi. Katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, zilishuka yapata sehemu moja tu katika kumi. Huko ardhi ni tele, na bei hazikuwa zimepanda sana. Tena sheria ya Texas yamzuia mwenye nyumba asiikopee tena nyumba yake hata madeni yakapita sehemu 80 katika kila 100 za thamani yake. Mji uliopanda kwa kiasi ulishuka kwa kiasi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hasara haikuwakuta wakopaji peke yao. Wapangaji waliolipa kodi kila mwezi bila kukosa walitolewa nje kwa sababu mwenye nyumba hakulipa deni lake. Hata mwaka wa 2009 Marekani ikatunga sheria ya kuwapa walau siku 90 za kujitayarisha. Katika mji wa Bakersfield, jimbo la California, mabwawa ya kuogelea ya nyumba zilizoachwa yaligeuka kijani, yakazaa mbu, na mwaka wa 2007 homa iletwayo na mbu hao iliongezeka. Hivyo deni la mtu mmoja liliingia katika nyumba za majirani.

Bei za nchi nzima zilirudi mahali pake yapata mwaka wa 2016, na za Las Vegas zilikawia zaidi. Aliyeweza kungoja, nyumba yake ilibaki yake; aliyekwisha kutolewa hakufaidiwa na kurudi huko. Kwa hiyo mtu akitaka kununua nyumba kwa mkopo, yampasa asiulize tu, "Bei itapanda lini?" Na aulize, "Riba ikipanda na mshahara ukikatika, nitaweza kulipa kwa miezi mingapi?" Jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha kama amenunua nyumba, au amenunua deni lenye paa.